Gazeti Lilivyomwozesha Dina

Habari kwamba Dina ameolewa na kaka yake ilifika sokoni Tunduma kabla ya Dina mwenyewe. Asubuhi ile ya Jumanne, aliposhusha gunia lake la mchele, alikuta wenzake wameinamia simu moja. Walipomwona wakaacha kucheka, kila mmoja akajitia kupanga bidhaa zake. Dina hakuwa mtu wa kuuliza. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na angeweza kushinda siku nzima nyuma ya meza yake akitaja bei na kusema asante, basi. Akafungua gunia, akachomeka kisahani cha bati juu ya mchele, akasubiri.

Aliyemletea simu ni wifi yake Ruti. Ruti ni mke wa Mika, na Mika ni kaka yake Dina, baba mmoja mama mmoja. Mawifi hao walikuwa na meza mbili zilizogusana na mwavuli mmoja.

"Wifi," Ruti akasema, "naona umenirithi nikiwa bado hai."

Kwenye simu kulikuwa na ukurasa wa gazeti moja la Dar es Salaam, lile linalotoka kwa karatasi na pia mtandaoni. Juu pameandikwa kwa herufi nene: WANANDOA WA MSANGANO WAVUNA MPUNGA WA KIHISTORIA. Chini yake picha ya Dina na Mika wamesimama katikati ya mpunga ulioiva, Mika ameshika mundu, Dina amefumba jicho moja kwa jua. Na chini ya picha: "Mika Simwinga na mkewe, Dina Namwinga, wakiwa shambani kwao."

Kwa mtu aliyekaa ofisini Dar es Salaam, Simwinga na Namwinga ni majina mawili tu. Kwa Mnyamwanga kama Dina ni jina moja. Watoto wa kiume wa ukoo ule huitwa Simwinga, wa kike huitwa Namwinga, na mwanamke akiolewa huenda kwa mumewe na jina lake, huzaa nalo, huzeeka nalo na kuzikwa nalo. Kwa hiyo hata asiyewajua, hata mtu wa ng'ambo ya mpaka kule Nakonde, akisoma maneno yale anamwona mtu na dada yake wamesimama mchana kweupe wakiitwa mume na mke. Jambo hilo kwao hata kulitaja ni uchafu.

Dina alisikia kinywa kinajaa mate ya uchungu. Akageuka kando, akatema. Kisha akaifuta ile simu kwa kanga yake kabla ya kumrudishia Ruti, kana kwamba ilikuwa na kitu juu yake.

Wiki mbili kabla, mwandishi wa habari aitwaye Osward, kijana wa Vwawa mwenye pikipiki na fulana ya mifuko mingi, alikuwa amefika shambani kwao Msangano. Hakuwafuata kwa sababu ya mpunga. Mpunga Msangano kila mtu analima. Alichofuata ni kwamba marehemu baba yao, kabla hajafa, aliita wazee na kuligawa shamba lake sawa kwa sawa, nusu kwa mwanawe wa kiume na nusu kwa mwanawe wa kike, jambo ambalo wazee wenyewe walilipinga mpaka sauti zikawakauka. Na ndugu hao wawili, badala ya kuweka mpaka, wakalilima pamoja, mwaka wa tatu sasa. Osward alisema hiyo ndiyo habari. Dina alikubali kupigwa picha kwa sababu alitaka jina la baba yake litajwe vizuri mahali fulani.

Sasa akaisoma habari yote. Alikuwa ameacha shule darasa la tano, akisoma husoma polepole, neno kwa neno, bila kuruka. Baba yake hakutajwa. Kugawa shamba hakukutajwa. Msangano ilikuwa imewekwa wilaya nyingine. Mahali pamoja mpunga uliitwa mpunga, aya inayofuata ukawa ngano.

"Hawa wanakula nini huko?" Ruti akauliza. Alikuwa ameacha mzaha. Tangu asubuhi wanawake watatu walikuwa wamemuuliza yeye Ruti ni nani basi pale nyumbani, na wa tatu aliuliza kwa huruma, ikawa mbaya zaidi.

Mteja mmoja wa siku nyingi kutoka Nakonde, mama mnene aliyezoea kuchukua magunia mawili kila mwezi na kumwita Dina mwanangu, alipita mbele ya meza bila kusimama. Na yeye ni Mnyamwanga. Dina aliona alivyokaza shingo.

Lakini kilichomkata maini si soko. Dina alikuwa amechumbiwa na Lusubilo, fundi seremala wa Isongole, kule Ileje, upande huu wa mpaka wa Malawi. Mahari ilikwisha kupokelewa. Kanisani kwa kina Lusubilo ndoa hutangazwa Jumapili tatu mfululizo mbele ya watu wote, na mwenye pingamizi hutakiwa aseme kabla ya ile ya tatu. Jumapili mbili zilikuwa zimepita salama. Ilibaki moja. Na watu wa Isongole si Wanyamwanga. Wao hawajui habari za Si na Na. Wakisoma gazeti lile hawataona mtu na dada yake. Wataona mke wa mtu.

Osward alikuja nyumbani kwa Mika jioni ileile, kabla hata hajaitwa mara ya pili, na kofia ya pikipiki mkononi. Mika hakumkaribisha kiti. Mika alikuwa mtu mpole, lakini siku ile alikuwa anapasua kuni ambazo hazikuhitajika.

"Kaka, mimi niliandika vizuri," Osward akasema, akatoa simu yake kuonyesha. Na kweli, kwenye alichotuma, mstari wa pili ulisema ndugu, na aya ya pili yote ilimhusu baba yao. Mhariri aliukata mstari ule na aya ile ili tangazo la kubeti lienee. Vilipokatwa, wakabaki watu wawili shambani wenye majina mawili. Mhariri hakuuliza. Alijaza mwenyewe.

Mika akataka kujua kama mtu akikuta tundu kwenye paa la jirani hulijaza na chochote anachookota njiani. Osward akaahidi kuwaandikia watu wa gazeti wasahihishe, na palepale, mbele yao, akaandika kwamba kuna kosa kwenye majina na uhusiano wa watu wa pichani. Akatuma. Akaondoka akiwa amepumua kidogo.

Marekebisho yalitoka Alhamisi. Osward hakuyaleta mwenyewe, aliyatuma kwa Ruti kwenye simu bila neno lolote, na kwa hilo tu Ruti alijua mambo si mazuri. Yalikuwa yamechapwa pia kwenye gazeti la karatasi, ukurasa wa ndani, ndani ya kisanduku kidogo: "Katika habari yetu ya Jumanne tulimtaja mke wa Bwana Mika Simwinga kuwa ni Dina Namwinga. Jina lake sahihi ni Dina Simwinga. Tunaomba radhi kwa usumbufu."

Ruti alisoma kwa sauti mara moja, akashindwa kuisoma tena.

Dina akaenda mwenyewe mpaka stendi kulinunua gazeti lile. Alitaka kuliona. Lilikuwa na harufu ya mafuta na lilimwachia weusi vidoleni, na wino wa picha ulikuwa umevuja hadi mdomo wa mtu fulani ukahamia shavuni. Akafikiria mikono mingapi ilipitia kisanduku kile: aliyekiandika, aliyekipanga, aliyekitazama mara ya mwisho, kama yupo. Wote hao wanalala usiku, na wake zao wanawaita baba fulani. Aliliweka gazeti kwenye mfuko wa nailoni, akafunga fundo, akanawa mikono kwa sabuni ya mche mpaka kwenye viwiko.

Ijumaa asubuhi Osward alimpigia mhariri mbele yao, akaweka sauti ya nje ili kila mtu asikie. Mhariri alikuwa na sauti nzuri, ya mtu aliyekunywa chai. Alisema habari yao imesomwa sana, imependwa, watu wameandika maoni mengi. Osward akamweleza upya, taratibu, kwamba wale ni mtu na dada yake. Mhariri akasema aaah. Kisha akasema lakini tumeshasahihisha.

Dina, ambaye hakuwa amesema neno na mgeni tangu Jumanne, akaisogelea simu.

"Baba, kabla hamjaandika, kuna mtu anasoma?"

"Dada yangu, hapa tunatoa habari mia moja kwa siku. Nani akae asome zote?"

"Sisi tunasoma."

Mhariri akacheka kidogo, kwa upole, akasema ataliangalia wiki ijayo, kwani Jumatatu ni sikukuu. Simu ikakatika. Osward alitazama chini. Dina alimwonea huruma kwa muda mfupi sana, kisha huruma ikamwisha.

Mchana ule Lusubilo alipiga. Tangazo la tatu limesimamishwa. Mtu amepeleka magazeti kwa wazee wa kanisa, yote mawili, la Jumanne na la Alhamisi, na baraza linamtaka Dina afike kesho, Jumamosi. Mwenyekiti wa wazee ni Mzee Mbonile, baba yake mkubwa Lusubilo, na mzee amechukia sana.

"Wewe umewaambiaje?" Dina akauliza.

"Nimewaambia najua si kweli. Nimekula kwenu, nimelala kwa Mika. Ila Dina, wale wanataka karatasi. Huwezi kupata barua kutoka gazetini? Hata fupi. Ili watu wafunge midomo."

Dina aliisogeza simu mbali na sikio. Mtu amekula ugali mikononi mwake, amemwona Ruti akimfokea Mika kuhusu watoto, anajua kila kitu, na bado anaomba barua kutoka kwa walewale. Hakumtukana. Alisema tutaonana kesho.

Jumamosi wakaondoka watatu, Dina, Mika na Ruti, na kwenye kituo cha Mpemba wakapata gari la kwenda Isongole. Gari lilikuwa bado halijajaa. Mika na Ruti walishuka kunywa chai. Dina alibaki kwenye kiti chake, akafungua fundo la mfuko wa nailoni na kutoa gazeti la Alhamisi. Hakujua kwa nini. Labda alitaka kuangalia kama kisanduku bado kipo. Kilikuwepo. Na kwa kuwa hakuna aliyemharakisha, akasoma na kilicho juu yake, na kilicho kando, na kilicho chini, ukurasa mzima, heshima ambayo hakuna aliyeupa ukurasa ule tangu utoke. Gari lilipoondoka alikuwa amelikunja gazeti na kulishika mapajani, na hakulirudisha mfukoni.

Baraza lilikuwa chumba kidogo ubavuni mwa kanisa, chenye meza ndefu na wazee sita. Isaka, katibu, kijana wa shati jeupe, alikaa mwisho wa meza na daftari. Lusubilo alisimama ukutani. Mbele ya Mzee Mbonile yalikuwapo magazeti mawili yamekunjwa kwenye kurasa zake.

Dina alipiga goti, akaamkia, wakaitikia bila kumtazama.

Mzee Mbonile hakuwa mkali kama alivyoelezwa. Alizungumza kwa uzito, kama mtu anayepima neno mkononi. Alisema wao hawamhukumu mtu. Lakini gazeti limeandika mara mbili. La kwanza lingeweza kuwa kosa. La pili limeomba radhi, na mtu anayeomba radhi ni mtu aliyeangalia. Sasa wazee watasimamaje kesho mbele ya kanisa na kumtangaza mke wa mtu?

Mika akasimama kueleza. Alieleza vizuri, habari za ukoo, za Si na Na, za baba yao. Wazee walimsikiliza mpaka mwisho, kisha mmoja akamkumbusha kwa adabu kwamba yeye ndiye anayetajwa kuwa mume, na mume hawezi kuwa shahidi.

Ruti akanyanyuka. "Wazee wangu, shikamooni. Mke wa huyu bwana ni mimi. Miaka tisa, watoto watatu. Huyu ni wifi yangu."

"Hatukatai, mama," mzee yule akasema. "Yawezekana wewe ni mke mkubwa."

Ruti akakaa chini na kujifunika uso kwa ncha ya kitenge, na mabega yake yakawa yanatikisika, na hakuna aliyejua kama analia au anacheka.

Mzee Mbonile akauliza kama ipo barua kutoka gazetini. Haikuwepo. Akasema basi waahirishe, mwezi, hata miwili, mpaka barua ije. Isaka akaanza kuandika.

Dina alijua miezi hiyo miwili itakavyokuwa. Barua haitakuja. Mhariri ameshasahau. Na Isongole nzima itazoea, polepole, kumwita mke wa Simwinga. Alikuwa hajawahi kusema mbele ya wazee maishani mwake, na sauti ilipotoka ilikuwa ndogo.

"Naomba niwasomee gazeti."

"Tumelisoma, binti."

"Naomba nilisome lote, baba. Ukurasa huo mmoja."

Mzee Mbonile akatazama wenzake. Akaashiria kwa kidole, haya. Dina hakuchukua la mezani. Akafungua la kwake, akaanza. Alisoma polepole, mahali pengine akirudia neno, na wazee wakaanza kujisogeza kwenye viti. Akasoma kisanduku cha radhi. Hakukiruka wala hakukisoma haraka. Akaendelea na habari fupi iliyokuwa chini ya kisanduku kilekile.

"Wakulima wa maharage katika eneo la Isongole, kusini mwa nchi ya Malawi, wameiomba serikali yao ya Malawi..."

"Wapi?" mzee mmoja akauliza.

Dina akarudia. "Isongole, kusini mwa nchi ya Malawi." Akasoma mpaka nukta ya mwisho, ambapo mwenyekiti wa ushirika wa maharage alitajwa kwa jina lake kamili. Ndiye aliyekuwa amekaa wa tatu kutoka kushoto. Akalikunja gazeti. "Baba zangu, kama mimi ni mke wa kaka yangu, basi ninyi ni Wamalawi. Ni gazeti moja. Ukurasa mmoja. Mkono mmoja."

Yule mwenyekiti wa ushirika aliruka kutoka kitini na kulinyakua gazeti la mezani. Alilisogeza mbali na macho, akalisogeza karibu. Akauliza ni mpumbavu gani huyu, amemwambia nani kwamba yeye ni wa Malawi, baba yake kazikwa hapa, babu yake kazikwa hapa. Wenzake wakamzunguka. Mwingine akasema apigiwe huyo mhariri sasa hivi. Mwingine akasema watu hawa ni wa kushitaki. Chumba kilijaa sauti za watu waliochukizwa, na hakuna hata mmoja aliyesema wasubiri barua.

Dina aliwatazama. Alifikiri angefurahi. Badala yake yale mate machungu yalirudi. Walikuwa na gazeti hilo siku mbili, na maneno ya Isongole yameandikwa vidole vitatu chini ya jina lake, na hawakuteremsha macho. Lusubilo alikuwa anamtabasamia kutoka ukutani, uso umemng'aa kama yeye ndiye aliyeshinda. Dina hakumrudishia.

Mzee Mbonile aligonga meza. Akasema gazeti hili baraza halilitambui. Akasema kesho tangazo la tatu litatolewa. Kisha, kwa sauti ya chini zaidi, akamwambia Dina, "Mwanangu, tulikosea." Hilo Dina alilipokea. Alipiga goti tena.

Wazee wakaanza kutoka. Gari la kurudi Mpemba lilikuwa linapiga honi barabarani na Mika alikuwa ameshafika mlangoni. Isaka alichana ukurasa kwenye daftari, akaandika haraka tangazo la kesho, akalikunja mara mbili na kulitia kwenye mfuko wa shati.

"Naomba nilione," Dina akasema.

"Ni lilelile la wiki zote, dada."

"Naomba nilione."

Isaka akalitoa. Dina akalikunjua juu ya meza, akalisoma tangu jina la kanisa. Lusubilo akaja kusimama karibu yake, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba yatosha sasa, watu wanasubiri. Dina hakuinua kichwa. Mstari wa tatu ulisema Lusubilo atamwoa Dina Simwinga, jina la kwenye marekebisho ya gazeti, ambalo Isaka alikuwa amelinakili kwa kuwa gazeti lilikuwa wazi mezani.

Isaka alikuna shingo. Akasema hakuna neno, kesho akiwa mimbarani atalisema vizuri kwa mdomo.

"Andika upya," Dina akasema.

"Gari litawaacha," Lusubilo akasema.

"Lituache."

Akavuta kiti cha Mzee Mbonile, ambacho kilikuwa bado na joto, akaketi akimtazama katibu. Isaka akamtazama Lusubilo, Lusubilo akatazama sakafu. Nje honi ikalia tena, ndefu, kisha ikanyamaza. Isaka akachana ukurasa mwingine.